Ruhusa ya Msiba

Kola alimuua mama mkwe wake siku ya Ijumaa, mbele ya msimamizi, muda mfupi kabla ya kengele ya chai. Hakutumia sumu wala kisu. Alisimama tu na utepe wa kupimia shingoni, akainamisha kichwa, akasema, "Mama mkwe ametutoka, alfajiri ya leo."

Msimamizi aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyejua kuzunguka. "Mzazi wa mume wako?"

"Ndiyo."

"Aliyemzaa, au hawa wa kuitana mama tu?"

"Aliyemzaa."

Swali lilikuwa na maana yake. Ilikuwa wiki ya oda, na wiki ya oda kiwandani hapo hakukuwa na Jumamosi wala Jumapili. Mashati yalitakiwa bandarini, na ruhusa ilikuwa ya aina moja tu: kifo. Tena si kifo cha kila mtu. Mume, mtoto, mzazi, mzazi wa mume, basi. Shangazi akifa, unamlilia ukiwa kwenye mashine. Kola alikuwa amezipitia roho zote zilizoruhusiwa, moja moja, usiku kucha. Mtoto hakuthubutu hata kumtaja. Mume ni dereva wa lori, yuko barabarani, humtanii mtu wa namna hiyo kwa ajali. Wazazi wake mwenyewe walishakufa na kiwanda kilishajua. Aliyebaki ni mmoja.

"Mazishi wapi?"

"Kijijini, mbali. Nimejipa moyo nitarudi Jumapili."

"Jumatatu uwe kwenye mashine," alisema msimamizi, kisha akaongeza kwa shida, kama mtu anayetoa kitu cha kwake mfukoni, "Pole sana, mama."

Kola akatoka, na kabla hajafika mlangoni wenzake wa safu walikuwa wameshamzunguka. Pale kila mtu aliitwa kwa kipande anachokishona. Yeye alishona kola, akaitwa Kola, na jina likamfuata hadi nyumbani na kwa marafiki. Zipu, mkubwa wa safu yao, alimshika mabega akamlilia machozi ya kweli. Mfuko, mdogo wao mwenye mdomo usio na breki, alisema, "Mungu amlaze, lakini na wewe sasa utapumua." Kola akakubali kwa kichwa. Alijisikia vibaya, hilo tusimnyime. Lakini begi lake lilikuwa limeshapangwa tangu juzi.

*

Na huyo marehemu je? Wakati huo alikuwa nyumbani, mzima wa afya, anamfukuza mjukuu uani akaoge. Yeye aliambiwa hadithi nyingine. Aliambiwa kiwanda kinapeleka watu mjini kwenye semina ya mashine mpya, siku mbili, na asiyekwenda atapunguzwa. Mama mkwe alisema, "Nenda. Watoto nitakaa nao," na hakuuliza la pili. Ulimi wa mama huyo ulikuwa mkali kama wembe, lakini kazi ya mkwewe aliiheshimu kuliko mwenye kazi. Alijua kuwa mwanawe hulipwa lori likitembea tu, na miezi mingine lori halitembei. Kola akifukuzwa kiwandani, familia hiyo inahama kwa kukosa kodi na watoto wanatoka shule. Kola naye alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana ilikuwa lazima mtu afe. Kutoroka tu kusingewezekana.

Mjini alikuwa akienda na marafiki zake watatu waliolala naye bweni moja shuleni. Kila mwaka walikuwa na safari yao ya wikiendi, wanawake peke yao, na kila mwaka Kola alikuwa na udhuru. Mwaka huu Madam alimwambia wazi: "Shoga, ukikataa tena tutajua hututaki." Madam aliuza bima na alizungumza na watu wote kama wanaochelewa kulipa. Wa pili alikuwa Nesi, mpole kazini na mkali akitoka. Wa tatu alioka keki za harusi akaitwa Keki, mtu wa kucheka kila neno, hata lisilochekesha.

Walimpitia Ijumaa jioni na gari la Madam. Madam hakuzima hata injini.

"Mashati umeyaleta?"

Alikuwa ameyaleta. Walikuwa wamemtaka awashonee mashati manne ya waridi, sare ya safari. Aliyashona kwa jioni za wiki nzima kwenye mashine yake ya mkono. Madam akalijaribu lake palepale kwenye kiti cha usukani.

"Mkono unabana."

"Ulinitumia vipimo vya zamani."

"Vya zamani?" Madam akageuka nyuma. "Unamaanisha nimenenepa?"

Keki akacheka mpaka akakohoa. Kola akasema hapana, kosa ni lake, atalegeza wakifika. Akakaa na sindano mkononi njia nzima, gari likirukaruka, huku wenzake wakiimba.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ghorofa ya juu kabisa na lifti ilikuwa mbovu. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Madam alichukua kimoja kwa kuwa anakoroma na hapendi kusemwa, Nesi na Keki wakachukua cha pili.

"Kola, wewe mwembamba," Nesi alisema, akimtupia shuka. "Sofa litakutosha."

Kola akalala sofani, miguu ikining'inia. Alijiambia kuwa ndiyo raha yenyewe hiyo, kuwa mbali, bila mtu wa kumgongea mlango. Usingizi ukakataa kabisa.

*

Jumamosi asubuhi walikwenda kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Ugomvi ulianza kwenye picha. Madam alitaka wasimame wanne na mashati yao ya waridi, mji wote ukiwa nyuma yao. Kola akasogea pembeni.

"Mimi msinitie kwenye picha."

"Kwa nini, umekuja kuchunguza?" Madam aliuliza.

"Kazini wanajua niko kwingine."

"Wapi?"

Kola akatazama maji. "Nyumbani. Naumwa."

"Basi shika simu utupige wewe," alisema Madam, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake asubuhi nzima. Alimpiga picha Madam akiwa amekaa, Madam akiwa amesimama, Nesi na Keki wakirushiana maji. Akipiga, anaitwa aonyeshe. Akionyesha, anaambiwa arudie, tumbo limeonekana. Mhudumu alipokuja kusikiliza wanataka kunywa nini, alimruka Kola akidhani ni wa kushika mikoba. Keki akacheka sana, akamweleza mhudumu, "Huyu ni mwenzetu pia." Kola akalishika lile neno "pia".

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Zipu.

Kola alitaka kuiacha, kisha akawaza kuwa mfiwa asiyepokea simu ndiye anayetafutwa zaidi. Akasogea ukutani akapokea kwa sauti ya chini.

"Mwenzetu, pole tena," Zipu alisema. "Tuko kwako."

"Kwangu wapi?"

"Nyumbani kwako. Vitambaa havijafika leo, msimamizi ametuachia. Tukasema hatuwezi kwenda makwetu kulala wakati una msiba, huenda bado hamjasafiri kwenda kijijini. Dereva wa basi la kiwanda anaijua kona unayoshukia, tukaulizia kidogo, tumefika."

Kola akashika ukuta. Ilikuwa desturi ya safu yao, wala hakuisahau. Aliyefiwa hukaliwa. Alichokitegemea ni oda, kwamba hakuna mtu angepata nafasi ya kunyanyua kichwa hadi Jumatatu. Vitambaa kutofika hakukuingiza kwenye hesabu zake.

"Na nani... mmemkuta nani hapo?"

"Tumepokewa na dada yake marehemu. Mama wa watu, amejikaza kweli. Anasema umetoka, hajui unarudi saa ngapi."

Mama mkwe wa Kola hakuwa na dada. Hakuwa na ndugu hata mmoja, alizaliwa peke yake. Kola akaelewa nani aliyefungua mlango, nani aliyeambiwa pole kwa kifo chake mwenyewe, na nani aliyekaa sasa hivi sebuleni na safu nzima ya washona mashati, anajiita dada wa marehemu.

"Mbona huko kuna muziki?" Zipu aliuliza.

"Ni duka la jirani. Nimekuja kununua... vitu vya mazishi. Sanda."

"Uko peke yako? Wamekuacha uhangaike peke yako?" Sauti ya Zipu ikapasuka kwa huruma. "Basi rudi taratibu. Sisi hatuondoki mpaka tukuone."

*

"Lazima nirudi sasa hivi," Kola aliwaambia wenzake. Wakamtazama kama aliyemwaga kitu mezani. Ikabidi awaeleze yote. Alieleza kwa kifupi, na kadiri alivyoeleza ndivyo Keki alivyozidi kucheka. Madam hakucheka.

"Umemuua mama wa watu," alisema Nesi polepole, "uje kuogelea?"

"Nije kuwa na nyinyi."

"Usitutie sisi," Nesi akasema. "Mimi nafunga macho ya watu kila siku. Kifo si kitu cha kuombea ruhusa."

"Madam, nipeleke tu hadi kituo cha mabasi. Si mbali."

"Na gari langu limekuwa la kubeba maiti?" Madam akavuta miwani ya jua kutoka kichwani hadi machoni. "Sikiliza, Kola. Sisi tumekaa mwaka mzima tukingoja siku hizi mbili. Umetufanya tupigwe picha na mtu mwenye uso wa kufiwa, kumbe kweli umefiwa, na aliyekufa yuko hai. Nenda. Lakini usituharibie."

"Nilidhani mnanitaka niwepo."

Keki alikuwa amebaki na kicheko mdomoni, na kilimponyoka pamoja na maneno. "Tulikuwa tunataka mtu wa nne tu wa kuchangia kodi, shoga. Nyumba ni ya watu wanne. Yule mwenzetu anayefanya kazi mahakamani alikataa."

Nesi akamkanyaga Keki mguu chini ya meza. Kola alichukua mkoba wake akazishuka ngazi za hoteli, na hakuna aliyemfuata hata kwa kujifanya. Alikuwa na hasira ya kuweza kuuma chuma, na jibu zuri la kumpa Madam likamjia baada ya kufika barabarani, kama kawaida ya majibu mazuri.

Kwenye basi aliketi dirishani akakwangua rangi ya kucha aliyopakwa na Keki asubuhi. Shati la waridi aliligeuza ndani nje, mishono ikatokea, na kitambaa kwa ndani kilikuwa kimepauka. Akafunga mtandio kichwani. Katikati ya safari simu ikatoa mlio. Madam alikuwa amemwondoa kwenye kundi lao la simu. Hakuandika neno. Kola akairudisha simu mkobani, akaanza kufanya mazoezi ya kulia, kimya kimya, ili abiria mwenzake asimwone.

*

Hakuhitaji mazoezi. Alipofika alikuta viatu vimejaa mlangoni, vya safu nzima. Ndani viti vilikuwa vimesogezwa ukutani, na wanawake wameketi sakafuni kwenye mkeka. Watoto hawakuwepo, bibi yao alikuwa amewapeleka kwa jirani mapema, kabla hawajasema mbele za watu kuwa bibi yao ndiye huyu. Na katikati ya mkeka, amejitanda khanga hadi kwenye paji la uso, alikuwa amekaa mama mkwe.

Wote wakanyanyuka. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimkumbatia kwa nguvu ambazo Kola hakujua kuwa anazo, akamminya kichwa chake begani, na mdomo wake ukawa sikioni.

"Lia," alinong'ona. "Lia kwa sauti, wanakutazama."

Kola akalia. Alilia kwa hofu, kwa aibu, kwa sofa na kwa lile neno la Keki. Wenzake wakalia naye. Mfuko, ambaye hakuwahi kumwona marehemu hata kwenye picha, alilia kuliko wote. Na marehemu mwenyewe akampigapiga Kola mgongoni, akisema kwa sauti ya kusikika, "Basi, mwanangu, basi. Dada yangu amepumzika."

Waliketi. Kola akawekwa karibu na mama mkwe, bega kwa bega, na maji ya kunywa yakaletwa. Kwa muda ilionekana kana kwamba jambo lingepita. Watu wa msibani wakishalia hukaa kidogo wakatazama miguu yao, wakaaga. Zipu alishaanza kutafuta mkoba wake. Lakini Mfuko hakuweza kukaa kimya.

"Mama," alimwambia mama mkwe, "wewe ni mtu mwema, mtu anaona tu. Sijui mlizaliwaje tumbo moja na dada yako."

"Mfuko," Zipu akamkemea. "Marehemu hasemwi."

"Mwache aseme," mama mkwe alisema kwa upole. "Mimi namjua dada yangu. Alikuwa na maneno. Alimfanya nini huyu?"

Kola akamshika mkono. Mama mkwe akautoa mkono wake taratibu, akauweka kwenye goti lake mwenyewe.

"Tusianze hayo leo," Kola alisema. "Jamani, mmechoka. Nendeni mkapumzike."

"Unamwona?" Mfuko aliwaambia wengine. "Hata leo anamlinda. Mama, huyu ameteseka. Ukimwona kazini unafikiri ana raha. Chakula anafichiwa. Anarudi usiku, sufuria imesafishwa, hajaachiwa hata ukoko."

"Ukoko," mama mkwe akarudia.

"Na asubuhi ndiyo kabisa. Dada yako alikuwa anafunga geti na kuficha ufunguo ili huyu achelewe. Anamwambia: mtoto ni wako, kaa naye mwenyewe. Huyu anafika kazini kengele imeshalia, anahema, msimamizi anamuuliza leo nani, na jibu ni lilelile, mama mkwe. Kama si huruma ya msimamizi angekuwa ameshafukuzwa."

"Msimamizi alishamwandikia barua ya onyo akaichana," Zipu akaongeza, kwa kuwa jambo lilikuwa limeshaanza kusemwa na yeye ni binadamu. "Alisema huyu ana matatizo ya nyumbani, tumvumilie. Sasa, mama, usinielewe vibaya, kifo ni kifo. Lakini angalau sasa atawahi kazini."

Kola aliona vidole vya mama mkwe vikikunja na kukunjua pindo la khanga. Alikuwa amemwogopa mama huyo miaka yote kwa maneno yake, na siku hiyo alitamani angesema hata moja.

"Asanteni kwa kuniambia," mama mkwe alisema mwishowe. "Sisi ndugu zake tulidhani anamsaidia."

Akawasindikiza mmoja mmoja hadi mlangoni, akawashukuru, akawaombea safari njema. Zipu alimbusu mkono.

*

Mlango ulipofungwa, mama mkwe alivua khanga kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti.

"Mama, nisamehe," Kola alianza.

"Geti letu lina kufuli?"

Kola akaanza kuokota vikombe vya maji.

"Nakuuliza. Lina kufuli?"

"Halina."

"Halina hata geti. Ni bati limeegeshwa." Alikuwa haongezi sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nani anakugongea mlango asubuhi?"

"Wewe, mama."

"Nagonga mpaka vidole vinauma. Unasema dakika moja, mama, unageukia ukutani. Narudi nagonga. Nawaosha watoto, nawavalisha, nakuwekea chai, chai inapoa, napasha tena. Wewe unatoka hapa mbio viatu mkononi, halafu ukifika huko unasema nimekufungia. Kila siku?"

"Si kila siku."

"Siku ulizochelewa."

"Nilikuwa nachoka, mama. Nikisema nimelala, wananifukuza. Nikisema wewe, wananihurumia."

Lilikuwa jibu la kweli, na Kola akasikia jinsi lilivyo baya baada ya kulitoa. Mama mkwe akatikisa kichwa polepole.

"Walipobisha hodi wakaniuliza hapa ndipo alipofia mama mkwe wa Kola, nilitaka kusema mimi ndiye, niko hai, na semina iko wapi. Neno lilikuwa mdomoni. Halafu nikawaona na hizo sare zenu nikawaza nikisema hivyo, huyu hana kazi, na wajukuu wangu hawana shule. Nikajiita dada wa marehemu. Usidhani nilikuwa nakuokoa wewe."

"Najua."

"Hujui. Nimekaa kwenye mkeka wangu, nyumbani kwa mwanangu, nikasikia watu wasionijua wanashukuru nimekufa." Hapo sauti ikamkatika, na Kola akaona kwa mara ya kwanza kuwa mama huyo ni mzee. "Hakuna hata mmoja aliyesema neno zuri. Hata la kudanganya."

Kola akapiga magoti. Akamshika miguu, akamwomba, akaahidi kwenda kiwandani kusema ukweli wote.

"Ukiusema, umefukuzwa, na mimi nimejifanya maiti bure. Usiseme kitu. Waache wajue nimekufa." Akaitoa miguu yake. "Lakini wewe na mimi tuelewane. Ulichokitaka umekipata. Marehemu haamshi watu. Marehemu halei watoto. Kesho naenda kwa binti yangu."

"Nitasema nini kwa mume wangu?"

"Mwambie chochote. Wewe maneno hayakupigi chenga."

Jumapili alifungasha. Alikuwa na vitu vichache, mfuko mmoja na beseni. Kola alijaribu kumpokonya mfuko mlangoni, wakavutana kama watoto, mpaka mjukuu wa kike akaanza kulia. Mama mkwe alimwinamia mtoto, akamfunga vifungo vya gauni vilivyokuwa vimekosewa, akamwambia asome kwa bidii. Hakumwaga Kola. Wifi mtu alikuja kumchukua, na ingawa kwa kawaida walikuwa wakitaniana, siku hiyo alisimama nje ya bati akakataa hata kiti.

*

Jumatatu Kola aliamka kabla ya jua. Hakulala kabisa, kwa hiyo kuamka hakukuwa na sifa. Akawasha jiko, jiko likagoma. Akamwosha mdogo, mkubwa akasema hakuna soksi, bibi ndiye anayejua ziliko. Akazitafuta. Akamvalisha mdogo, mdogo akamwagia sare chai, akavuliwa. Jirani ambaye angemshikia mdogo hadi mchana alikuwa bado amelala, na Kola akasimama mlangoni kwake akigonga, akigonga, na ndani sauti ikamwambia dakika moja. Basi la kiwanda lilipita konani bila yeye. Akaja kwa miguu nusu ya njia, akikimbia.

Aliingia safuni anahema, mtandio umepinda, mashine zote zinanguruma. Msimamizi alikuwa amesimama kando ya kiti cha Kola kilichokuwa kitupu. Uso wake haukuwa wa ukali siku hiyo. Safu yote ilikuwa imeshamweleza jinsi alivyolia.

"Pole kwa mazishi," alisema. "Nilisema leo uwahi. Kumetokea nini tena?"

Na Kola, kwa uchovu, kwa hasira, kwa soksi na jiko na mtoto anayelia, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akausema ukweli wa asubuhi yake.

"Si ni mama mkwe," alisema. "Kafungasha jana, kaenda zake kwa binti yake, kaniachia watoto peke yangu."

Mashine ya Zipu ilikuwa ya kwanza kunyamaza, kisha ya Mfuko, kisha zilizobaki.

"Jana?" Zipu aliuliza.